Kopo la Maziwa la Ildephonse

Marehemu Ildephonse alikuwa na kosa moja tu, na alilifanya maisha yake yote: hakumpa mtu neno la kusema juu yake. Alipima viwanja vya serikali, akastaafu, akaugua ini, akafa. Hakugombana na jirani. Hakuimba kanisani. Hakulewa hata siku moja akaangukia mahali pa kukumbukwa. Mbwa wa mtaa wa Mutanga Nord humbwekea hata padri, lakini Ildephonse walimwacha apite.

Sasa mwaka wa kilio ulikuwa unatimia, na siku ya kuganduka imekaribia. Ndiyo siku familia inavua matanga: mjane anabadili nguo, watu wanakunywa, na mtu mmoja anasimama mbele ya wote kusoma historia ya marehemu. Na hapo Mutanga Nord, na Gihosha, na hata kule juu Kiriri kwenye mageti yanayojifungua yenyewe, mtu huyo alikuwa Mama Léocadie.

Léocadie aliishia darasa la sita kwa masista, lakini kalamu ilimpenda kuliko ilivyowapenda wengi waliofika mbali. Familia zilimletea marehemu wao kama mtu anavyompelekea fundi kitambaa: huyu hapa, mshone. Naye alishona. Mlevi alimwandika "mtu wa watu". Bahili alimwandika "mtu aliyejua thamani ya kitu". Mama mmoja aliyesengenya mtaa mzima mpaka akafa, aliandikiwa kwamba "hakuna habari ya jirani iliyopita bila kumgusa moyo". Watu walilia mbele, wakacheka chini chini nyuma, wakapiga makofi pande zote. Ukimuuliza kama huo si uongo, Léocadie alikuwa na jibu lake.

"Uongo gani? Hiyo ni pasi. Nguo ni ile ile, mi natoa tu makunyanzi."

Médiatrice, mjane wa Ildephonse, alikuja kwake alasiri moja, akakalia ukingo wa kiti kama kawaida yake, mgongo umenyooka kama rula. Alikuwa amefundisha mapishi na usafi katika shule ya wasichana, na shule haikumtoka. Nyumbani kwake hata kitambaa cha kukaushia sahani kilipigwa pasi. Akicheka, na ilikuwa nadra, alifunika mdomo haraka kama aliyevunja kitu cha watu. Yeye na Léocadie walikuwa majirani tangu nywele zao zikiwa nyeusi.

"Mama Léo, ni wiki ijayo."

"Najua. Nimeshaandika."

"Nisomee."

Léocadie akamsomea. Alizaliwa, alisoma, alipima viwanja, alioa, alipata binti mmoja ambaye sasa yuko Canada, alistaafu, aliugua. Akashusha karatasi.

"Njo hiyo tu?" Médiatrice akauliza.

"Njo yote ulinipa."

"Yule bwana wa Kiriri ulimusomea mpaka mishikaki ikapoa. Watu walilia na hata hawakumujua. Wangu mimi utamusoma kama tangazo la maji kukatika?"

"Basi niongezee. Alikuwa anakuchekesha?"

"Ildephonse?" Médiatrice alishangaa kama ameulizwa kama mumewe alikuwa anaruka angani. "Tulikuwa tunaheshimiana."

"Alipenda kitu gani? Siku haendi kazi alifanya nini?"

"Jumapili ni misa. Jumamosi, kisha chakula, alikuwa anaenda kunyoosha miguu mpaka jioni."

"Kunyoosha wapi?"

"Kunyoosha tu. Alipanda huku Gihosha. Mutu wa heshima hafuatwi, Mama Léo." Kisha macho yake yakajaa maji, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu, aliyaacha yakae hapo hapo bila kuyagusa. "Usiniache nimuzike mara ya pili. Tafazali."

Alipokwenda, Léocadie alikaa na karatasi yake. Angeweza kuvaa viatu akapanda Gihosha kuuliza, maana si mbali hivyo. Lakini jua lilikuwa kali, magoti yalikuwa yanalalamika, na zaidi ya yote alikuwa na kiburi cha fundi: kwa nini atafute kitambaa wakati mwenyewe anajua kufuma? Jumamosi za Ildephonse zilikuwa shimo, na shimo kwa mtu wa kalamu ni kama sufuria iliyoachwa wazi kwa paka.

Akaandika.

Siku ya kuganduka ilikuwa njema. Hema lilifungwa mbele ya nyumba, kreti za bia zikapangwa kivulini, mtungi wa pombe ya mtama ukawekwa na mirija yake. Médiatrice alitoka ndani amevua matanga, amevaa imvutano, vazi la sherehe, la rangi ya anga, kitambaa kimeshuka begani vizuri mpaka wanawake wakapiga vigelegele. Xavier, mdogo wake Ildephonse anayekaa Kiriri, alifika kwa miguu akihema, gari lake likiwa limelala kwenye foleni ya mafuta tangu juzi. Kisha Léocadie akaitwa.

Alisoma kwa Kirundi, halafu kwa Kiswahili kwa ajili ya majirani waliotoka Uvira. Alipofika mahali pake akashusha sauti, maana alijua kwamba watu husogea karibu na sauti inayoshuka.

"Kila Jumamosi, jua likianza kulegea, Ildephonse alipanda Gihosha, kopo la maziwa mkononi. Huko alikuwako bibi kizee asiyeona, anayelea mtoto mdogo asiye na baba. Aliwanywesha, akaketi nao, akamshika mtoto kichwa, akarudi. Hakumwambia mtu. Wema wake aliuficha kama wengine wanavyoficha wizi."

Sentensi ile ya mwisho aliipenda sana. Aliitunga akiosha vyombo, na ilipokuja aliacha sahani ndani ya maji akakimbilia kalamu.

Hema likanyamaza. Léocadie alijua kimya cha aina nyingi, cha machozi, cha usingizi, cha kusubiri bia. Hiki hakukijua. Wazee waliangaliana. Mama mmoja alimgusa mwenzake goti. Halafu makofi yakaja, mazito, ya polepole, ya heshima, makofi ambayo watu hupiga wakisikia neno kubwa limesemwa kwa adabu.

Xavier akasimama kujibu kwa niaba ya familia. Akakohoa.

"Wakubwa, tumesikia. Kwetu Burundi mutu mukubwa hasemi kitu uchi, anakivalisha. Mama Léocadie amekivalisha vizuri kabisa, tunamushukuru. Kaka yetu aliacha mutu kule Gihosha. Basi, damu haitupwi. Mwenye kumulea amulete, mahali pake papo."

Wazee wakaitikia "Ego!" na makofi yakarudi mara ya pili.

Hapo ndipo Léocadie alipoelewa alichofanya. Kila mtu pale alikuwa ameona, hema baada ya hema, mtoto wa nje akiletwa kwa familia siku ya kuganduka, kwa maneno ya pembeni na sauti ya chini. Mume mkimya, Jumamosi za kufichwa, mtoto asiye na baba, mkono juu ya kichwa chake: nani angesikia kitu kingine? Yeye peke yake, fundi mwenyewe, hakusikia, kwa sababu alikuwa anasikiliza jinsi sentensi ilivyokaa.

Akamtafuta Médiatrice kwa macho. Médiatrice alikuwa amekaa wima ndani ya ile imvutano ya rangi ya anga, mikono magotini, anaitazama chupa ya Fanta mbele yake kama ndiyo inayohutubia.

Msema chochote wa sherehe akauliza: "Kuna mwenye neno kabla hatujafunga?"

Léocadie alikuwa na neno. Lilikuwa fupi pia: nimetunga. Akafungua mdomo, na wakati ule ule mzee mmoja wa Kiriri, mwenye suti, akamwinamia akamwambia: "Mama, sijawahi kusikia jambo gumu likisemwa laini namna hiyo. Mi nikienda, ni weye utanisoma." Sifa ile ilimshika ulimi kama asali. Akafunga mdomo. Akanywa Fanta yake. Sherehe ikafungwa.

Ukimeza mwiba wa mukeke, samaki wa ziwa letu, watakwambia umeze ubwabwa juu yake utashuka. Unameza, unadhani umeshuka, kumbe umekaa. Léocadie alimeza ubwabwa wiki nzima. Kila alipopita mtu alimpa mkono, na kila mkono ulisukuma mwiba mahali pake. Na hadithi, kama mtoto aliyeshiba, ikaanza kukua yenyewe. Ingrid, mwenye duka la vyakula pale kona, alimsimamisha njiani.

"Mama Léo, mi nilikuwa najua zamani."

"Unajua nini?"

"Maziwa! Si mi njo nilikuwa namuuzia? Jumamosi anakuja, 'Ingrid, nipe lita moja', haniangalii usoni. Nilisema, eh, huyu mubaba ana kitu."

"Ingrid. Duka lako halijamaliza miaka miwili. Ildephonse alikuwa kitandani tayari."

Ingrid alifikiri kidogo. "Basi alikuwa anamutuma mutu," akasema, na hakuwa anatania. Alikuwa anamwona kabisa Ildephonse mbele ya meza yake, kopo mkononi. Léocadie alikuwa amemtungia kumbukumbu, na Ingrid alikuwa ameihamia na vyombo vyake vyote. Siku nyingine jambo hilo lingemchekesha Léocadie mpaka ashike ubavu. Siku ile alikwenda nyumbani bila kununua chumvi aliyoifuata.

Geti la Médiatrice halikuwa likifunguka. Léocadie alilipita mara kadhaa, akajiambia kwamba mwenzake anapumzika, ingawa kikohozi cha Médiatrice kilisikika hapo uani. Mwishowe alichukua ndizi, maana mwenye aibu haingii mikono mitupu, akagonga mpaka akafunguliwa.

Picha ya Ildephonse haikuwako ukutani. Msumari ulikuwako, na mraba mweupe ambapo picha ilizuia vumbi miaka yote. Lakini kilichomshtua Léocadie kilikuwa ndani zaidi. Mlango wa chumba cha yule binti wa Canada ulikuwa wazi, na kitandani kulikuwa na godoro dogo jipya, shuka limetandikwa, limepigwa pasi mpaka kingo zake zinakata.

"Ni ya nani?" akauliza, ingawa alijua.

"Ya mutoto," Médiatrice akasema. Akaketi. "Siku za kwanza nilitaka kuvunja sahani. Nikashika moja, nikaona imeng'aa, nikairudisha. Nikasema, mutu nimelala naye miaka yote, na sikumujua. Nikatoa picha. Kisha nikafikiri: mutoto amekosa nini? Nyumba hii iko na vyumba, iko na kimya kingi sana. Xavier anamutafuta Gihosha. Kila siku nanunua maziwa, naweka kwa friji. Mutoto hawezi kuja akute hakuna."

Léocadie aliweka ndizi mezani.

"Médi, sikiliza. Huyo mutoto hayuko. Mi nilimutunga."

Médiatrice alimtazama kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyouma.

"Najua juu ya nini unasema hivyo. Umeona picha imetoka. Unataka kumufunika rafiki yako."

"Simufuniki! Naapa. Bibi kizee hayuko, kopo haliko, nilikuwa naosha vyombo nikatunga."

"Mama Léo, acha. Ulisema mbele ya watu wote, ulisoma kwa karatasi, haukutetemeka. Sasa unakuja na ndizi kuniambia si kweli. Nikuamini siku gani?" Akasimama, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimejikunja. "Jina lake tu niambie, kama unalijua. Ni mwanaume ao mwanamuke?"

Léocadie aliondoka. Njiani alijiambia kwamba ni lazima alete kitu cha kweli badala ya kile cha uongo, kwa sababu shimo la Jumamosi likibaki shimo, mtoto yule ataendelea kukaa ndani yake. Ikabidi afanye leo kile alichokwepa mwanzo. Alivaa viatu, akapanda Gihosha.

Pikipiki zilikuwa chache kwa sababu ya uhaba wa mafuta, na waliokuwa na mafuta walitaja bei kama wanauza na pikipiki yenyewe. Alipanda kwa miguu, akipumzika kwenye kila jiwe aliloona limekaa vizuri. Aliuliza kila aliyekuwa amekaa mahali pamoja siku nyingi: mzee mrefu, mwembamba, mikono mgongoni, tai hata Jumamosi. Wengi walitikisa kichwa. Juu kabisa, nyuma ya magunia ya makaa, alimkuta mzee mnene amekaa chini ya bati, mbele yake ubao wa bao wenye mashimo yaliyolainika kama ndani ya kijiko. Alikuwa anacheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na anautukana wa kushoto.

"Tai?" mzee akasema. "Unasema Géomètre, yule mupima viwanja!"

Jina lake lilikuwa Mirindi, Mkongomani wa upande wa Uvira, muuza makaa. Alimwambia Léocadie akae juu ya gunia.

"Géomètre wangu yuko wapi? Ile siku ya mwisho nilimupiga vibaya, akaondoka bila kuaga. Nikasema, mwache apoe, atarudi. Anapoa namna gani mwaka muzima na zaidi?"

Léocadie akamwambia. Mirindi alitazama ubao. Akachukua kete moja, akaiweka kwenye shimo la upande wa pili, upande ambao haukuwa na mtu.

"Mi nilizania amekasirika," akasema taratibu.

Kisha, kama watu wanavyofanya, akaanza kumteta marehemu kwa upendo. "Mwizi ile! Anahesabu na kidole kama anapima kiwanja, 'moja, mbili, tatu, Mirindi usinisumbue', kumbe kiwiko kinasogeza kete. Ukimukamata, anacheka. Anacheka mpaka anashika hii nguzo. Uone, imelegea. Ni yeye."

"Ildephonse? Anacheka?"

"Mama, njo kitu alikuwa anapandia hapa. Siku moja nilimuuliza, Géomètre, we una nyumba muzuri, una bibi amesoma, juu ya nini unakuja kukaa kwa makaa? Akaniambia: 'Mirindi, kwangu kila kitu kimepigwa pasi, hata kicheko. Naogopa kukikunja.'"

Léocadie aliyarudia maneno yale midomoni, moja moja. Alikuwa ameandika maisha ya watu wengi, na hakuwahi kuandika sentensi kama ile. Ilikuwa hapa muda wote, ng'ambo ya magoti yake, inamngoja aje aulize. Na yeye amekaa nyumbani akitunga maziwa.

"Njoo unisaidie," akamwambia Mirindi. "Njoo umwambie mjane wake mwenyewe."

"Apana, apana, apana. Mi niende kwa yule mama? Alikutaga bwana yake anacheza na mi kule chini kwa barabara, zamani, akaniangalia tu. Hakusema kitu. Nikahamisha ubao mpaka huku." Akatikisa kichwa. "Apana, mama. Mi namuogopa."

Basi Léocadie akabaki na ulimi wake peke yake, ule ule uliomwingiza matatani. Na alijua kwamba neno lililosemwa mbele ya watu haliondolewi jikoni. Jumuiya ya Wakristo ya mtaa ilikuwa inasali nyumba kwa nyumba, na zamu iliyofuata ilikuwa ya Médiatrice. Watu wale wale wa hema wangekuwako.

Walikaa uani jioni ile, viti vya plastiki kwa duara, rozari ikasaliwa, wimbo ukaimbwa. Ziwa lilikuwa linaonekana kule chini, jeupe. Xavier alikuwako pia. Alikuwa amekuja kumwambia shemeji yake kwamba mtoto bado hajapatikana, lakini kuna mama mmoja anasema yeye ana yatima wawili, kama familia ingependa kuchagua. Kiongozi alipouliza kama kuna mwenye neno, Léocadie akasimama. Nyuso zikamgeukia kwa furaha, watu wakajiweka sawa vitini. Ingrid alikunja mikono kama aliye mbele ya televisheni.

Alikuwa ameandaa maneno. Alipomwona Médiatrice, mikono magotini, yakatoka yote kama maji kwenye kikapu.

"Mi… nilisoma hapa. Apana, si hapa, kule kwa hema. Ile ya maziwa. Maziwa hayakuwako. Bibi kizee… hayuko. Hata mutoto. Nilikuwa naosha sahani. Apana, ngoja. Ildephonse alikuwa anacheza bao. Kule Gihosha. Na muuza makaa, anaitwa, anaitwa… Mirindi. Alikuwa anaiba. Kete! Anaiba kete, si kitu ingine. Na alikuwa anaenda kule kusudi acheke. Alisema kwake kila kitu kimepigwa pasi, hata kicheko, anaogopa kukikunja. Mi nilidanganya. Niliulizwa kama kuna mwenye neno, nikakunywa Fanta. Njo hivyo."

Akakaa, akakosea kiti, akashikwa mkono asianguke.

Xavier ndiye aliyeanza kupiga makofi. "Mumuone mama huyu!" akasema, macho yamemlowa. "Anajichafua mwenyewe kusudi marehemu abaki safi! Hiyo ndiyo ujirani!" Ingrid akapiga makofi, na wengine wakafuata, yale yale mazito ya siku ya hema. Léocadie aliinama chini yao. Alikuwa ametoa aibu yake yote akaiweka wazi kwenye duara, na watu walikuwa wanaipigia makofi kama pambo jingine.

"Acheni," Médiatrice akasema.

Wakaacha.

"Anasema kweli."

"Shemeji, we unajuaje?" Xavier akauliza. "Mwenyewe alisoma—"

"Nimemusikia huyu miaka na miaka. Akitunga, hagugumizi hata mara moja. Leo amesema vibaya kama mutoto wa darasa la kwanza." Médiatrice alisema hayo bila kumtazama mtu. "Mutoto hayuko. Xavier, mwambie yule mama abaki na yatima yake."

Akaingia ndani. Watu walisikia friji ikifunguka. Akatoka na sinia la vikombe, na chupa za maziwa, za jana na za leo, akaanza kummiminia kila mtu, kikombe kwa kikombe, bila kudondosha hata tone.

"Mukunywe," akasema. "Hayana mwenyewe."

Hakuna aliyethubutu kukataa. Ingrid alikunywa akitazama miguu yake. Xavier alikunywa amesimama. Léocadie alipewa cha mwisho, kimejaa mpaka ukingoni, na ilimbidi akimalize mbele ya wote, funda baada ya funda, maziwa ya mtoto aliyemtunga yeye na kusubiriwa na mwingine.

Watu walipoondoka alibaki kukusanya vikombe, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kuomba msamaha. Médiatrice alikuwa chumbani anakunja lile shuka dogo. Alilikunja mara ya kwanza, pembe kwa pembe. Akalitazama. Halafu akalifinyanga tu kwa mikono yote miwili, likawa bonge, akalitupia juu ya godoro.

Akamsindikiza Léocadie mpaka getini, maana adabu haikumtoka hata siku ile.

"Ile ya pasi," akasema. "Ungesema bao, ingetosha. Ile ya pasi ungeiacha Gihosha."

"Alisema yeye, Médi. Si mi."

"Najua alisema yeye. We hauwezi kutunga kitu kama hicho."

Léocadie aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli, na kulikuwa na kweli nyingine chini yake ambayo Médiatrice aliiona pia: kwamba hata wakati wa kuungama, katikati ya kugugumiza kwake kote, sentensi ile moja aliitoa nzima, bila kukosea, kwa sababu ilikuwa nzuri na ulimi wake haukuweza kuiacha.

"Picha nitairudisha," Médiatrice akasema. "Lakini sijui nitamuangalia namna gani. Mutoto ningemuosha, ningemulisha. Kicheko chake nikifanye nini mi sasa?" Akashika komeo la geti. "Na mi nikienda, Mama Léo, usiniandike. Waseme jina, waseme ni mwalimu, wakunywe, waende kwao."

Geti likafungwa polepole, bila kelele, kama kila kitu cha nyumba ile. Léocadie alisimama nje. Jibu lilimjia, maana majibu hayakuwahi kumpungukia, na lilikuwa jibu zuri, la kuchekesha hata, jibu ambalo pengine lingemfanya mwenzake afunike mdomo kule ndani. Akalimeza, akashika njia ya kwake.